Kanga ya Kijani na Kondoo wa Mzazi

Nyuma ya jiko letu kuna kamba ya kuanikia ambayo mgeni haioni. Imefungwa kutoka nguzo ya jiko hadi kwenye mparachichi, na anayepita njia ya kwenda kanisani hawezi kujua kama ipo. Hapo ndipo wanawake wa nyumba hii tumeanika vitu vyetu vya faragha tangu enzi za mama mkwe wangu. Vitambaa vya mwezi vinafuliwa asubuhi, vinatandazwa kwenye kamba, na juu yake inatupwa kanga ili jua lipite na macho yasipite. Mke wa mwanangu wa mwisho alikuja na kanga yake ya kijani iliyopauka. Sikuwahi kumwona akijifunga kanga ile wala kubebea mzigo. Nilipoiona kwenye kamba nilijua yuko katika siku zake, naye alijua kwamba najua, na hatukuwahi kulisema.

Sisi tunakaa mlimani, upande wa Suji, mahali ambapo asubuhi ya kipupwe ukungu unaingia mpaka jikoni. Mwanangu na mkewe walikaa kwanza Same mjini, yeye mke akishona nguo kwenye kibaraza cha kupanga, mume akinunua samaki kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu na kuwapeleka sokoni. Mume wangu alipofariki, wakaamua kwamba sitakaa peke yangu. Mkwe wangu alipanda na cherehani yake, akaiweka dirishani, na mwanangu akawa anakuja siku za mwisho wa juma, akinuka perege wa kukaushwa. Nilimshukuru Mungu kwa ajili yao kila siku. Bado namshukuru.

Miezi ya mwanzo niliona kanga ya kijani, ikapotea, ikarudi. Sikuwa nahesabu. Kisha, mwishoni mwa kipupwe, ikapotea kabisa. Mvua za vuli zikanyesha, maharage yakachipua, kanga haijaonekana. Mkwe wangu alikuwa anajaa kiunoni na usoni, chunusi zimemtoka kama msichana, na wakati mwingine alilala mchana, jambo ambalo hakuwa nalo. Mwanamke yeyote wa huku angesoma kama nilivyosoma.

Kwa ukoo wetu mimba ya kwanza haiulizwi. Mama mkwe haulizi na mkwe hasemi. Kinacholetwa ni kondoo dume. Anafungwa kwenye kibanda pembeni ya jiko, anakatiwa majani, anapewa maganda ya ndizi na pumba, na hatoki nje mpaka siku ya kujifungua, ili anenepe. Supu yake na mafuta yake ni ya mzazi, ya kumrudishia damu aliyomwaga. Mkwe akiamka kesho yake akamkatia kondoo majani, basi imekwisha. Kila mtu amesema la kwake na hakuna aliyefungua mdomo.

Nilimwambia mwanangu, naye akanunua kondoo kwa wafugaji wa tambarare, akampandisha mlimani kwenye gari linalokuja kubeba tangawizi. Alikuwa mnyama mweusi mwenye paji jeupe, mwembamba, mwenye hasira. Tulimfunga jioni. Asubuhi nilisikia mundu ukikwangua nyasi kwenye ukingo wa matuta ya ngazi, nikachungulia, nikamwona mkwe wangu anarudi na mzigo wa majani mabichi kichwani, umande unamchuruzika mabegani. Akayatupa bandani bila kuniangalia. Nilipiga magoti palepale karibu na mafiga nikashukuru.

Nimefundishwa Neno tangu nikiwa msichana. Nilisoma shule ya Biblia, nikafundisha watoto wa kipaimara mpaka wengine wakaja kuleta watoto wao, na hata sasa ni mzee wa kanisa katika usharika wetu. Najua namna ya kumshukuru Mungu kwa kitu ambacho sijakiona. Lakini nakumbuka kwamba hata siku zile za furaha kulikuwa na kitu kilichonisumbua, kidogo, kama punje ya mchanga kwenye wali. Mkwe wangu hakutapika. Hakuchagua chakula. Na mara moja, nikiingia chumbani kwake kuchukua mkasi, nilimkuta mbele ya kioo anang'oa nywele za kidevuni kwa kibano, moja baada ya nyingine, na alivyoshtuka ungedhani nimemkuta anaiba. Nikachukua mkasi nikatoka. Kwetu hayo pia hayaulizwi.

Kondoo akanenepa. Kibanda kiko karibu na njia, na kila anayepita kwenda kisimani alimsikia akilia, akajua, akaanza kuhesabu miezi.

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, anakaa Maore huku chini tambarare. Alipanda kutuletea mchele wa mavuno. Ni mwanamke wa maneno, na ninampenda kwa hilo, ila siku ile nilitamani apoteze sauti. Alisimama mbele ya kibanda, mikono kiunoni, akamtazama kondoo, akamtazama mkwe wangu aliyekuwa anachambua maharage kwenye ungo.

“Wifi,” akaniambia, “huyu kondoo wenu ataota mvi kabla hajamwona mtoto.”

Tulicheka. Mkwe wangu naye alicheka, akainama zaidi juu ya ungo. Wifi akaendelea kueleza kwamba Maore wanawake hawachukui muda hivyo, kwamba labda ni baridi ya mlimani. Mkwe wangu akamwambia taratibu, “Shangazi, nikuwekee chai?” akaondoka. Niliona amemwaga maharage mazuri pamoja na mabovu.

Siku moja ya juma lile lile tulikuwa shambani tunavuna, jua limeshapanda. Nilikuwa tuta la juu, yeye la chini. Niliona ameketi ghafla kwenye ukingo wa tuta, miguu imening'inia, kama mtu anayepumzika. Sikutia shaka mpaka aliponiita kwa sauti ndogo.

“Mama, nimelowa.”

Nilishuka nikiteleza. Damu ilikuwa imepita kwenye sketi mpaka kwenye udongo, na haikuwa inasimama. Nilivua kanga yangu ya mabegani nikamkunjia. Jirani yetu mwenye pikapu alikuwa anapakia ndizi za soko la Same, akazishusha nusu ili mkwe wangu alale. Njia yote ya kushuka, kona baada ya kona, nilimshika kichwa mapajani na kuomba. Nilimwomba Mungu amwokoe mtoto. Hilo ndilo nililoomba kwanza, kabla ya kumwombea yeye, na nalitaja kwa sababu baadaye lilinifanya nifikiri sana ni nani niliyekuwa nimemshika.

Hospitalini muuguzi aliuliza mimba ina miezi mingapi. Mkwe wangu alifumba macho. Nikajibu kwa niaba yake kwamba ni minne, labda mitano. Wakamwekea dripu, wakachukua vipimo. Daktari aliyekuja alikuwa mwanamke kijana, mwenye sauti ya watu wa pwani.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba, daktari. Mtoto yupo?”

Akavuta kiti akakaa, nikajua si habari njema. “Bibi, hapa hakuna mimba.”

“Imetoka?”

“Haikuwepo. Ingekuwepo ikatoka leo, kipimo bado kingeiona.”

Nilimgeukia mkwe wangu. Alikuwa ananitazama, na machoni mwake sikuona mshangao hata kidogo. Nikaelewa kwamba mimi peke yangu ndiye niliyekuwa napewa habari.

Walimpeleka altrasaundi. Waliporudi, daktari alizungumza naye yeye, si mimi, akaniacha nisikilize. Alimuuliza tangu usichana wake damu ilikuwa inakuja vipi. Mkwe wangu akasema kwa mwaka inakuja mara mbili, mara tatu, na mama yake alikuwa akimwambia ana bahati, amepunguziwa kazi ya kufua. Akauliza kuhusu unene, chunusi, nywele za kidevuni. Mkwe wangu alijibu yote kwa sauti ya chini akiniangalia pembeni. Daktari akasema hayo yote ni jambo moja. Ni homoni zimekosa mpangilio. Kwenye ovari zake mayai yanaanza kukua, yanaishia njiani, hayakomai wala hayatoki, na kwenye picha yanaonekana kama vifuko vidogo vimejipanga pembeni. Wanawake wenye hali hii ni wengi, akasema, na wengi hawajui.

“Sasa hii damu?” nikauliza, maana nilishindwa kunyamaza.

“Bibi, kila mwezi mwili unatandika kitanda ndani ya mji wa mimba, unamsubiri mtoto. Yai likishatoka, na mtoto asipokuja, inakuja amri ya kutandua. Matandiko yanatoka, ndiyo hedhi. Kwake yai halitoki, kwa hiyo amri ya kutandua haiji. Mwili unatandika juu ya matandiko ya zamani, mwezi baada ya mwezi. Ukuta wa ndani unakuwa mnene mpaka unashindwa kujishikilia, unaporomoka wenyewe.”

“Na ukikaa hivyo muda mrefu?”

“Unaweza kubadilika.”

“Kuwa nini?”

“Hicho ndicho tunataka kukitafuta. Aende Moshi asafishwe kizazi, na kinachotoka kipimwe.”

Kisha akamshika mkwe wangu mkono, akamwambia kwamba mji wake wa mimba ni mzima, haukuumbwa na kasoro, na kwamba hali hii ina dawa na wengi wanazaa. Mkwe wangu alitikisa kichwa kama mtoto anayeambiwa sindano haiumi. Mimi nilikuwa nimebaki kwenye lile neno, kubadilika. Nimezika watu wa saratani. Najua inavyoanza kwa daktari kuchagua maneno.

Daktari alipoondoka tulibaki wawili, dripu ikidondoka. Wodi ilikuwa na joto, sisi wa mlimani tunashuka Same tunaungua. Nilimpepea kwa kipande cha boksi. Yeye ndiye aliyeanza.

“Nilipima, Mama. Kondoo alipokuja nilikuwa nimeshapima.”

“Na ukamkatia majani?”

“Ningemwacha afe njaa?”

Akageuza uso ukutani, akasema tena, polepole, “Nilifikiri labda Mungu akiona mmeshaamini, ataona haya kuwaangusha.”

Nimewahi kuulizwa maswali magumu na watoto wa kipaimara, na kwa mengi nilikuwa na jibu lililoandaliwa. Safari hii niliendelea kupepea. Nilimwona asubuhi zote zile akirudi na majani, umande mabegani, akimlisha mnyama aliyekuwa anatangaza kitu ambacho hakipo, na kila alipomwongezea pumba alikuwa anajiongezea mzigo. Kuacha kungekuwa kusema. Na sisi tulikuwa tumempokea katika nyumba ambayo hakuna anayesema.

Moshi walimsafisha kizazi, wakachukua kipande cha ule ukuta kwenda kupima. Wakatuambia majibu yatachukua wiki kadhaa na watapiga simu. Tukarudi mlimani kusubiri.

Watu walikuja kutupa pole ya kuharibikiwa mimba. Walikuja na sukari, na mayai, na maombi mazuri. Mama mmoja wa umoja wa wanawake aliomba mpaka machozi yakamtoka kwa ajili ya malaika mdogo aliyetangulia. Nilimtazama mkwe wangu, naye akaniashiria kwa macho niache. Basi nikawa napokea pole ya msiba ambao haukutokea, nikisema asante, huku moyoni naogopa msiba ambao hakuna aliyekuja kunipa pole yake. Sijui kama huo ni uongo. Nimemwachia Mungu aamue.

Wiki zile sikulala vizuri wala kula. Simu ilikuwa inakaa kwenye mfuko wa aproni, nikiwa shambani, nikiwa ibadani. Siku moja iliita katikati ya sala ya maombezi, nikatoka nje mbio, kumbe ni kampuni ya simu inanieleza habari za vifurushi. Nilikuwa nasali, lakini sala zangu zilikuwa fupi na zilikuwa zinarudia neno moja. Usiruhusu. Usiruhusu. Nilijaribu kuongeza kwamba mapenzi yake yatimizwe, kama nilivyofundisha wengine, nikakuta maneno hayo yanakwama. Uvumilivu nilioujua ulikuwa wa kusubiri kitu chema. Huu wa kusubiri kitu kibaya nilikuwa sijaufanyia mazoezi.

Mwanangu alikuja na samaki wake, akakaa kwenye gogo mbele ya kibanda cha kondoo bila kwenda ndani. Nilimpelekea chai. Akaniambia shangazi yake amempigia kutoka Maore, amemwambia kwamba yeye bado kijana na Maore kuna mabinti.

“Ukamjibu nini?”

“Nikamwambia samaki wanaharibika, nikakata simu.”

Kisha akaficha uso mikononi, mwanangu yule mtu mzima, mwenye mikono iliyochanwachanwa na mapezi ya samaki. Akasema, “Mama, sitaki mtoto. Nataka majibu yawe mazuri.” Nilimwambia kwamba mimi pia. Na nilipolisema nikagundua ni kweli. Tangu siku ile ya damu nilikuwa sijamwomba Mungu mjukuu hata mara moja.

Kondoo alituangalia kupitia mianya ya mbao. Alikuwa amenenepa mpaka anahema akisimama. Miezi ambayo kijiji kilikuwa kinahesabu ilikuwa imekatika, na hatukujua tumfanye nini. Kumuuza ilikuwa kutangaza kwamba hatungoji tena mtoto. Kumwacha ilikuwa kumpa mkwe wangu kazi ile ile kila asubuhi, maana bado alikuwa anamkatia majani, akiwa na weupe wa macho usio na damu, akipumzika kila tuta. Hospitali ilimpa vidonge vya kuongeza damu na kumwambia ale nyama, maini, mboga za majani. Nyama ilikuwa bandani inalia.

Nilipiga simu Maore kumwambia wifi kwamba tunataka kumchinja, kwa heshima, kwa kuwa ni ukoo wake. Alipandisha sauti. Kondoo wa mzazi haliwi bila mtoto, alisema. Mkimla mmefunga mlango.

Nilimwambia, “Wifi, anachinjwa kurudisha damu. Huyu binti amemwaga damu kuliko mimi nilivyomwaga kwa watoto wangu wote. Huyu kondoo anamsubiri nani mwingine?”

Halafu akauliza, kwa sauti ya mtu mwingine, “Hali yake ni mbaya hivyo?”

“Tunangoja majibu. Huenda ni saratani.”

Nilikuwa sijalitamka neno hilo mbele ya mtu. Nikasikia kuku wa Maore kwenye simu. Mwishowe akasema, “Msimnyweshe mafuta yote siku ya kwanza, tumbo litamkataa.” Siku ya kuchinja alikuwepo, amepanda na gari la asubuhi, na ndiye aliyekoroga chungu.

Tulifanya kama kwa mzazi. Mkwe wangu tulimweka chumba cha ndani, tukamzuia kushika maji baridi, tukampelekea supu yenye ndizi mbichi na mafuta yanayoelea. Nilikaa pembeni ya kitanda. Alikipokea kibakuli kwa mikono miwili, akakitazama, nikaogopa kwamba nimemfanyia ukatili, kwamba nimemkalisha mahali pa mama bila mtoto ili aone pengo vizuri zaidi. Wifi alikuwa amesimama mlangoni na mwiko.

Mkwe wangu akanywa. Akafuta midomo. “Ina upungufu wa chumvi,” akasema.

“Nyie watu wa Same mjini mmezoea chumvi ya chipsi,” wifi akajibu, akaenda kuileta, na nikamsikia jikoni akipenga kamasi.

Simu ilikuja siku tulipokuwa tunamalizia nyama ya mwisho. Sauti ya kijana wa mapokezi, hakutaka kusema kitu. Majibu yamefika, mje. Nikauliza ni mazuri au mabaya. Akasema daktari ataeleza, na aje na mume wake. Kwa nini na mume wake? Hicho ndicho nilichokitafuna usiku kucha na njia yote ya Moshi. Hakuna anayeita mume kumwambia jambo dogo. Mwanangu alielekeza mazungumzo yote kwenye hali ya hewa. Mkwe wangu alitazama mashamba ya mkonge nje ya dirisha, amekunja mikono tumboni.

Haikuwa saratani. Daktari bingwa, mzee mwenye miwani shingoni, alilisema hilo kwanza kabla hatujakaa sawasawa, na ninamwombea kwa ajili ya hilo. Lakini ukuta ulikuwa umeanza safari, akasema. Umekuwa mnene kupita kiasi na ukiachwa miaka unaweza kufika huko. Atameza vidonge vya homoni vya kuutuliza, kisha kila mwezi vya kushusha damu, na apimwe tena. Asikae miezi mitatu bila kuona siku zake, hata kama haumwi popote, hata kama hafikirii mtoto. Majibu yakiwa mazuri ndipo wataanza dawa ya kukomaza yai, na mume alihitajika kwa sababu naye atapimwa, kwani mtoto ana watu wawili. Mwanangu alijifuta jasho akasema hata leo yuko tayari.

Daktari akamwambia mkwe wangu apunguze uzito kidogo, atembee. “Daktari, sisi tunapanda milima kuchota maji,” akamjibu.

“Basi punguza sukari kwenye chai.”

“Hapo umenionea.” Tukacheka wote, cheko kubwa kuliko maneno yenyewe, na nikaona mwanangu amemshika mkewe bega mbele yangu, jambo ambalo kwetu si la kawaida.

Kanga ya kijani ilirudi. Asubuhi ya kwanza nilipoiona kwenye kamba, nilikuwa nimebeba majivu ya jikoni, nikayaweka chini. Kwa maisha yangu yote kanga kama ile kwenye nyumba ya wanandoa wapya ilikuwa habari ya kusikitisha kidogo, mwezi mwingine umepita. Siku ile nilisimama chini ya mparachichi nikaimba wimbo mzima wa shukrani kwa sauti ndogo. Kitanda kimetanduliwa. Ikaja mwezi uliofuata, na mwingine. Walipompima tena ukuta ulikuwa umekuwa mwembamba kama inavyotakiwa, na mwanangu pia hakuwa na tatizo. Wakampa dawa ya kukomaza yai, na maelekezo ya siku za kuimeza.

Mizunguko ya kwanza kanga ilikuja kwa wakati wake. Mkwe wangu aliianika akaingia ndani, akashona mpaka jioni bila kuinua kichwa. Niligundua kwamba nilikuwa nashukuru na kuhuzunika kwa kitu kile kile. Ikichelewa, huenda ni mtoto. Ikichelewa, huenda dawa imeshindwa na ukuta umeanza tena kujengeka. Ni kamba moja tupu, na mimi nimesimama mbele yake sijui nimwombe Mungu nini.

Mwezi huu imechelewa. Jana niliangalia, leo asubuhi nikaangalia tena. Majani ya mparachichi yalikuwa yamedondoka kwenye kamba na hakuna aliyeyapangusa. Zamani ningejua la kufanya, ningemwita mwanangu pembeni. Badala yake niliingia ndani, nikaketi kwenye kigoda karibu na cherehani, na moyo ulikuwa unanipiga kama naenda kuiba.

“Mwanangu,” nikasema, “imechelewa.”

Mguu wake ulisimama kwenye pedali. Hakushtuka. Akakata uzi kwa meno.

“Siku chache tu, Mama. Nitapima kesho. Ikiwa hakuna kitu, daktari kasema nirudi mapema, nisingoje.”

“Unaogopa?”

“Naogopa yote mawili.”

“Mimi pia.”

Akanitazama usoni kwa muda, kisha akaanza tena kukanyaga pedali, polepole. “Kesho uje tukae wote,” akasema. “Ila, Mama, usinunue kondoo.”

Nimemwahidi. Kibanda bado ni kitupu, na kesho bado haijafika.